Majira ya machipuko na ini: Tiba ya Kichina inasemaje, nasi tuchukue lipi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeteremsha maradhi na akateremsha tiba yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo katika safu yetu tutajibu swali la dada mmoja aliyetuandikia kuhusu mume wake. Anasema kwa muda sasa mumewe analalamika uchovu, tumbo kujaa gesi na hasira za karibu. Alikwenda katika duka moja la dawa za Kichina, akatazamwa ulimi, akashikwa mshipa wa mkono, kisha akaambiwa kwamba ini lake lina joto na kwamba nguvu yake imekwama. Akaelezwa pia kwamba huko China sasa ni majira ya machipuko, na huo ndio wakati wa kusafisha ini. Akauziwa pakiti tatu za vidonge ambavyo maandishi yake yote ni ya Kichina.

Dada yetu anauliza mambo matatu. Je, ni kweli ini lina msimu wake? Je, vidonge hivyo ni halali kwa Muislamu? Na je, mumewe aendelee kuvinywa, maana wiki hii macho yake yameanza kuwa ya njano?

Swali la tatu hatutalisubirisha mpaka mwisho wa makala. Aache kuvinywa, aende hospitali leo, tena aende na pakiti hizo mkononi ili daktari azione. Sababu zake tutazieleza hapo chini, insha Allah. Ama maswali mawili ya mwanzo yanahitaji tuifahamu kwanza hiyo tiba ya Kichina yenyewe, kwa sababu ndani yake yamo mambo mazuri ya kujifunza na yamo pia ya kujihadhari nayo.

Mwaka wa Wachina na viungo vya mwili

Kalenda ya jadi ya Wachina imeugawa mwaka katika vipindi 24 kwa kufuata mwendo wa jua. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiingiza elimu hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Kipindi cha kwanza huitwa Lichun, yaani kuingia kwa machipuko, nacho huangukia tarehe 4 Februari hivi. Machipuko huendelea mpaka tarehe 5 Mei hivi, ndipo kinapoingia kiangazi. Kaskazini mwa China, miti iliyokaa bila jani wakati wote wa baridi huanza kutoa vichipukizi, barafu huyeyuka mitoni, na upepo huvuma kwa wingi.

Matabibu wa kale wa Kichina waliyatazama mabadiliko hayo wakasema kwamba mwili wa mwanadamu nao hubadilika pamoja na majira. Fikra hiyo imeelezwa katika kitabu chao mashuhuri kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa takriban miaka 2000 iliyopita. Wao wanavigawa viumbe katika mafungu matano: mti, moto, udongo, metali na maji. Kila fungu lina majira yake, viungo vyake vya ndani, mlango wake wa nje mwilini, hisia yake na ladha yake. Mpangilio wenyewe ni huu:

1. Machipuko ni ya mti. Viungo vyake ni ini na kifuko cha nyongo. Mlango wake ni macho, hisia yake ni hasira, na ladha yake ni uchachu.

2. Kiangazi ni cha moto. Viungo vyake ni moyo na utumbo mwembamba. Mlango wake ni ulimi, hisia yake ni furaha iliyopita kiasi, na ladha yake ni uchungu.

3. Mwisho wa kiangazi ni wa udongo. Viungo vyake ni wengu na tumbo la chakula. Mlango wake ni mdomo, hisia yake ni mawazo mengi, na ladha yake ni utamu.

4. Majira ya kupukutika majani ni ya metali. Viungo vyake ni mapafu na utumbo mpana. Mlango wake ni pua, hisia yake ni huzuni, na ladha yake ni ukali kama wa tangawizi na pilipili.

5. Baridi ni ya maji. Viungo vyake ni figo na kibofu. Mlango wake ni masikio, hisia yake ni hofu, na ladha yake ni chumvi.

Kwa hiyo, dada yetu, muuza dawa hakulitunga lile neno. Katika tiba ya Kichina ni kweli ini limepewa msimu wa machipuko, na uchovu, gesi na hasira za karibu ni dalili ambazo vitabu vyao huzitaja mtu anapokuwa na kile wanachokiita kukwama kwa nguvu ya ini. Wanasema mti ukizidi nguvu huudhuru udongo, yaani mtu akiwa na hasira nyingi tumbo lake huharibika. Nani kati yetu hajawahi kuona mtu aliyegombana akashindwa kula?

Ini la Wachina na ini la hospitali

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na kuchanganyikiwa huku kunaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Tabibu wa Kichina anaposema Gan, neno tunalolifasiri kuwa ini, hakusudii lile pande la nyama tu lililo chini ya mbavu za kulia. Anakusudia mkusanyiko wa kazi: kuiendesha qi, yaani ile nguvu ya uhai wanayoamini inapita mwilini, ihifadhiwe damu, macho yaone vizuri, kano zinyooke, na moyo wa mtu utulie. Hali kadhalika wengu wao ndio wanaoupa kazi ya kusaga chakula, wakati hospitali itakwambia wengu huchuja damu na kupambana na vijidudu. Wanacho pia kiungo kiitwacho Sanjiao, ambacho hata ukimpasua ng'ombe mzima hutakiona, kwa sababu ni jina la kazi na njia, halina nyama yake.

Sisi Waswahili tusishangae sana. Nasi tunasema fulani amenikata maini, na adui wa karibu tunamwita nyongo mkalia ini. Mtu akisema amekatwa maini hatumkimbizi chumba cha upasuaji, kwa kuwa tunajua anazungumzia machungu ya moyo.

Ini la hospitali ni kitu kingine. Lina uzito wa kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima. Linatengeneza nyongo ya kusaga mafuta, linaweka akiba ya sukari, linatengeneza protini za kugandisha damu mtu akijikata, na linachuja sumu, zikiwemo dawa tunazokunywa. Ini hilo likishambuliwa na virusi au sumu, macho huwa ya njano kwa sababu rangi iitwayo bilirubini, inayotokana na chembe kuukuu za damu, hubaki mwilini badala ya kutolewa pamoja na nyongo.

Basi mtu anapoambiwa kwa lugha ya Kichina kwamba ini lake lina joto, hajapimwa ini. Na anapoambiwa hospitali kwamba ini lake ni zima, hakukanushwa kwamba ana hasira na tumbo linamsumbua. Hizi ni lugha mbili. Ajabu ni kwamba huko China kwenyewe jambo hili wanalijua vyema. Hospitali zao za tiba ya asili zina maabara na mashine za ultrasaundi, na mgonjwa mwenye macho ya njano hutolewa damu ikapimwa kabla ya kuchemshiwa mizizi.

Wanashauri nini wakati wa machipuko?

Ukiacha vidonge, sehemu kubwa ya mafundisho yao ya machipuko inahusu mwenendo wa kila siku. Mafundisho haya hayana gharama, na mengi Muislamu atayaona si mageni kwake.

La kwanza ni kulala na kuamka. Neijing inashauri mtu wakati wa machipuko aamke mapema, atembee uani kwa utulivu, nguo zisimbane. Matabibu wao wameyagawa pia masaa ya usiku: saa 5 hadi saa 7 usiku ni ya kifuko cha nyongo, na saa 7 hadi saa 9 ni ya ini, kwa hiyo wanataka mtu awe amekwishalala. Wapo wasomaji wanaoogopa kwamba basi kuamka kuswali tahajudi kunaharibu ini. Hapana. Saa hizo ni hesabu ya nadharia yao, hazikupimwa maabara zikathibitika kwamba ini hufanya kazi kwa zamu. Mwenye kufuata Sunna amekwishapata utaratibu mzuri zaidi, kwani Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya swala ya Isha. Mtu akilala mapema, ataamka usiku bila kuudhulumu mwili. Anayeharibikiwa ni yule anayekesha kwenye simu na televisheni hadi saa 8, kisha Alfajiri ikampita.

La pili ni hasira. Wanasema hasira huipandisha nguvu juu, uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma. Kwa hiyo machipuko kwao ni wakati wa kuwa mkarimu, kusamehe na kutokuwa mwepesi wa kuadhibu. Sisi tunayo Hadithi mashuhuri ya mtu aliyemwomba Mtume (s.a.w.) nasaha, akakatazwa hasira, na alipoomba tena akarudishiwa jibu lile lile. Tumefundishwa pia kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na isipomtoka basi alale ubavu. Baba wa nyumba anayeingia kwake kila jioni akifoka, hata akinywa debe zima la chai ya Kichina hatatulia.

La tatu ni chakula. Tabibu Sun Simiao wa zama za Tang, aliyefariki mwaka 682, anajulikana kwa ushauri wa kupunguza vitu vichachu na kuongeza vitu vitamu wakati wa machipuko ili wengu upate nguvu. Jihadhari na neno tamu hapo. Halikusudii soda na keki. Linakusudia utamu wa asili wa wali, viazi vikuu, karoti, maboga na tende. Wachina huongeza majani mabichi ya msimu kama spinachi, majani ya jamii ya vitunguu, na choroko zilizochipua. Mama wa nyumbani anaweza kuzichipua choroko mwenyewe: zioshe, ziloweke usiku kucha, zimwagie maji safi mara mbili au tatu kwa siku, na baada ya siku tatu au nne ziko tayari. Zipikwe, zisiliwe mbichi, maana mvuke wa kuchipulia hupendwa na vijidudu pia. Na mwenye kisukari asichukue neno tamu kuwa ruhusa.

Ushauri huu wa chakula unakubaliana na jambo ambalo hospitali inalilia siku hizi, nalo ni mafuta kujaa kwenye ini. Duniani sasa zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne ana hali hiyo, na sababu zake kubwa ni unene, sukari na kukaa bila kujishughulisha. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza uzito na kutembea. Na kanuni ya theluthi tatu za tumbo, ya chakula, ya maji na ya pumzi, tumeisikia misikitini tangu utotoni.

La nne ni viungo vinyooshwe. Wachina wazee huonekana viwanjani asubuhi wakifanya Baduanjin, mazoezi manane mepesi ya kunyoosha mikono, mgongo na miguu, yanayofaa hata kwa mtu wa miaka 70.

Waislamu wa China na machipuko yao

Huenda msomaji akauliza, je, Waislamu wa huko wanafanyaje? China ina Waislamu wa kabila la Hui zaidi ya milioni 10, mbali na Wauyghur na makabila mengine. Jimbo la Ningxia, lililopewa hadhi ya jimbo la Wahui mwaka 1958, ndilo linalosifika kwa tunda dogo jekundu liitwalo gouqi, ambalo katika tiba ya Kichina ni chakula cha ini na macho. Wahui hulitia katika chai yao ya vitu vinane, wanayomkaribisha nayo mgeni katika kikombe chenye mfuniko: majani ya chai, gouqi, tende nyekundu za Kichina, zabibu kavu, lozi za walnati, ufuta, tunda kavu la longani na sukari mawe. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo futari yao iliangukia katikati ya machipuko.

Wahui hawakuwa wapokeaji tu. Kipo kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho Huihui Yaofang, yaani dawa za Waislamu, kilichoandikwa kwa Kichina huku majina ya dawa nyingi yakiwa ya Kiarabu na Kiajemi. Kilikuwa na juzuu 36, na zilizobaki ni 4, zimehifadhiwa Beijing. Ndani yake mna tiba ya akina Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Tiba hiyo nayo ilifungamanisha mwili na majira: ilihesabu damu, balghamu, safura na sauda, ikaipa damu majira ya machipuko, na ikasema kuwa damu hutengenezwa katika ini. Wachina nao husema ini ndilo ghala la damu. Mafundisho hayo yote mawili ya kale yalikutana kwenye ini wakati wa machipuko. Lakini kukutana kwake hakuyafanyi kuwa kipimo cha maabara, na matabibu wakubwa wa Kiislamu walisifika kwa kuchunguza na kujaribu.

Vidonge vya kusafisha ini

Sasa tuje kwenye pakiti za dada yetu. Hatutaki kuidharau tiba ya Kichina. Dawa mseto ya malaria tunayoiita ALu, ambayo Tanzania iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, asili yake ni mmea wa Kichina uitwao qinghao. Bibi Tu Youyou aliufanyia kazi mmea huo miaka ya 1970 na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini tazama alivyofanya: alisoma vitabu vya kale, akajaribu, akapima, akatenga kiini chake, na kipimo chake kikajulikana. Kunywa unga usiojulikana ndani yake mna nini ni jambo jingine kabisa.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha. Kwa muda mrefu viliuzwa China vidonge viitwavyo Longdan Xiegan, maana yake ni vya kupooza ini, na watu walivinywa kwa kuumwa kichwa, macho mekundu na hasira. Ndani yake kulitiwa mmea uitwao guan mu tong, wenye tindikali ya aristoloki. Tindikali hiyo huua figo na huleta saratani ya njia ya mkojo. Watu walikunywa dawa ya ini wakapoteza figo. Serikali ya China iliupiga marufuku mmea huo mwaka 2003. Miaka kumi nyuma yake, huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene walikuwa wamekwisha kupatwa na balaa hilo hilo, baada ya mmea mmoja wa Kichina kubadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana.

Mfano wa tatu ni he shou wu, mzizi unaosifiwa kwa kurutubisha ini na kurudisha weusi wa nywele. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya China ilitoa tahadhari kwamba dawa za kunywa zenye mzizi huo zinaweza kudhuru ini lenyewe. Macho ya njano katikati ya dozi ya miti shamba ni dalili kubwa ya jambo hili, na ndiyo maana tumesema vidonge visimamishwe.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: Dawa hii imesajiliwa na mamlaka ya dawa nchini? Majina ya vilivyomo yameandikwa kwa lugha ninayoisoma? Nani nitamrudia nikidhurika? Ukikosa jibu moja, weka fedha zako mfukoni. Usichanganye miti shamba na dawa za hospitali bila daktari kujua. Hata panadoli, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, kwa kuwa zikizidi huunguza ini.

Halali na haramu

Swali la dada la halali ni la msingi, kwani dawa nyingi za Kichina ni majani na mizizi, isiyo na tatizo, lakini nyingine zimetokana na wanyama. Yafuatayo ni ya kuulizia hasa:

Nyongo ya dubu. Hii hutumiwa kwa ini na macho. Dubu ni mnyama mwenye meno ya kurarua. Isitoshe hakuna dharura, kwa sababu kiini chake chenye manufaa, kiitwacho ursodeoksikoliki, hutengenezwa viwandani bila dubu na hupatikana hospitali.

Ejiao. Hii ni gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda, na husifiwa kwa kuongeza damu. Nyama ya punda wa kufugwa iliharamishwa siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, na hivyo ndivyo wanavyoshikilia wanazuoni walio wengi. Biashara ya ngozi hizo imewamaliza punda wa Afrika kiasi kwamba Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusimamisha uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi.

Magamba ya kakakuona, nge, kondo la nyuma la uzazi, na dawa zilizolowekwa katika mvinyo. Kuhusu pombe, Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kuitumia kama dawa, akaeleza kwamba hiyo ni ugonjwa. Gamba la vidonge vya mviringo wa plastiki laini nalo mara nyingi ni jelatini, ulizia ni ya mnyama gani.

Pakiti isiyosomeka haiwezi kujibu maswali haya, na Muislamu ameamrishwa kuacha lenye shaka. Penye dharura ya kweli, muulize daktari Muislamu muadilifu pamoja na sheikh wako.

Ini letu linauawa na nini?

Wachina wanalijua ini kwa machungu. Homa ya ini aina ya B iliwaandama vizazi kwa vizazi. Mwaka 1992 karibu mtoto 1 kati ya 10 wa umri wa chini ya miaka mitano alikuwa na virusi hivyo. Walianza kuwachanja watoto wachanga, na kufikia mwaka 2014 kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya mtoto 1 kati ya 200. Hakuna chai ya machipuko iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa na sindano ya siku ya kwanza ya maisha.

Somo jingine linatoka Qidong, katika jimbo la Jiangsu, jimbo lile lile ambalo madaktari wake wamekuwa wakija kuhudumu Zanzibar tangu mwaka 1964. Wakulima wa Qidong walikuwa wakifa sana kwa saratani ya ini. Uchunguzi ulionyesha kwamba pamoja na virusi, mahindi yao yalikuwa na kuvu itoayo sumu, hiyo tunayoiita sumukuvu. Miaka ya 1980 walipohamia kwenye wali, vifo vilianza kupungua hata kabla watoto waliochanjwa hawajakua. Nasi msiba huo tunao: mwaka 2016 familia za Dodoma na Manyara zilipoteza watu kwa sumukuvu ya mahindi. Mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai, zikauke sawasawa kabla ya kuwekwa ghalani, na zenye ukungu zitupwe. Kuzipika hakuondoi sumu hiyo.

Virusi vya homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kupeana mkono, kwa hiyo mgonjwa asitengwe. Nje ya mwili huweza kuishi siku 7 au zaidi. Hili linatuhusu sana sisi tunaoumika. Hijama ni Sunna, na Wachina nao wana chuku na sindano zao. Lakini wembe uliokwisha mkata mwenzako, au sindano iliyochomwa mtu mwingine, inaweza kukutia ugonjwa wa maisha. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako, mwenye kuumika avae glavu mpya, na vikombe viwe vya mtu mmoja. Hayo hayo kwa nyembe za kunyolea na za tohara.

Tanzania imekuwa ikiwachanja watoto dhidi ya ugonjwa huu tangu mwaka 2002, na siku hizi kinga hiyo imo ndani ya chanjo ya sindano moja yenye kinga tano. Baba na mama waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Wapime damu kwanza, na wakikutwa salama wachanjwe, sindano tatu katika muda wa miezi sita hivi. Aliyekutwa na virusi asikate tamaa, zipo dawa za kuvidhibiti.

Dalili za kutosubiri

Mtu mwenye moja ya dalili hizi asiende duka la mitishamba, aende hospitali: macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, choo cheupe, tumbo kujaa maji, kutapika damu au choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa akili, na kujikuna mwili mzima kwa mjamzito.

Tumalizie kwa dada yetu. Ini lina msimu kwa nadharia ya Wachina, na nasaha zao za machipuko za kulala mapema, kuzuia hasira, kula majani na kutembea ni nzuri kwa mwezi wowote, iwe Beijing kwenye vichipukizi au Pemba kwenye masika. Chukua hizo. Kusafisha ini kwa vidonge usivyovijua, ziwe za Mchina au za mwingine, achana nako, kwa sababu ini lililo zima Allah (s.w.) amekwisha lipa kazi ya kujisafisha. Na mumeo, mpeleke hospitali kwanza. Mwambie ametumwa na wale wanaompenda.

Tunamwomba Allah (s.w.) amponye yeye na wagonjwa wote wa Kiislamu. Wallahu a'lam.